Kazi, Nishati na Kiunzi cha Mota: Kupanda na Mzigo Usambara

Siku ya soko pale Lukozi au Soni, malori ya Dar es Salaam hupakia kabichi, karoti na viazi kando ya barabara. Lori haliteremki shambani. Mashamba mengi ya Lushoto yako bondeni au kwenye mteremko, na kutoka huko hadi barabarani mzigo hupanda kichwani au mgongoni mwa mtu. Mada hii tutaisoma kwenye njia hiyo ya miguu.

Tuanze na kifaa chenyewe. Kaa na panzi wana kiunzi nje ya mwili. Sisi mifupa yetu iko ndani. Kiunzi cha mota ni fremu inayofungwa miguuni na kiunoni, wakati mwingine hadi mikononi. Vihisio hutambua mguu unataka kwenda wapi, kompyuta ndogo huamua, mota zilizo kwenye goti na nyonga husukuma, na betri hutoa nishati. Majeshi yamekitafuta kwa miaka mingi ili askari abebe mzigo mkubwa bila kuchoka. Swali letu ni hili: je, kingemsaidia mama anayepandisha karoti? Mtahiniwa hajibu swali hili kwa kukisia. Anajibu kwa jouli.

Chukua mama mwenye kg 60, mzigo wa kg 30, na njia inayopanda mita 200 kwenda juu. Tumia g = 10 N/kg.

Kazi ya kuinua mzigo = 30 × 10 × 200 = 60,000 J
Kazi ya kuinua mwili wake = 60 × 10 × 200 = 120,000 J
Jumla = 180,000 J

Akitumia nusu saa, yaani sekunde 1,800, anafanya kazi kwa kasi ya wati 100. Lakini misuli haigeuzi chakula chote kuwa kazi. Ufanisi wake ni kama asilimia 25. Sehemu kubwa inayobaki hutoka kama joto, ndiyo maana anatoka jasho hata asubuhi yenye baridi ya Lushoto. Nishati anayotumia ni 180,000 ÷ 0.25 = 720,000 J. Uniti moja ya LUKU ni 3,600,000 J. Kwa hiyo kupanda kule kumemgharimu moja ya tano ya uniti, na hapo hatujahesabu gharama ya kutembea kwenyewe. (Wanafunzi wengi hushangaa kuona ni kidogo hivyo. Umeme una nguvu kuliko tunavyodhani.)

Sasa mvike kiunzi cha kg 25. Nacho lazima kipande mita 200:

25 × 10 × 200 = 50,000 J

Ona kilichotokea. Kiunzi kimeongeza kazi inayokaribia ile ya karoti zenyewe. Betri ikilipa kazi hiyo yote na kubakiza nishati ya kuinua karoti, mama amepata nafuu. Betri ikiisha katikati ya njia, ana mizigo miwili. Mtu akikueleza kuhusu mashine ya namna hii, muulize kwanza: mashine ina uzito gani, na nani anaubeba?

Historia inathibitisha hesabu hiyo. Mwaka 1965 kampuni ya General Electric ya Marekani ilianza kutengeneza Hardiman, kiunzi kilichokusudiwa kuinua takriban kg 680. Chenyewe kilikuwa na uzito wa kiasi hichohicho. Kilipojaribiwa chote kwa pamoja kilitikisika ovyo, na mwishowe ni mkono mmoja tu uliofanya kazi vizuri. Baadaye kampuni ya Lockheed Martin ilikuja na HULC, cha kubeba hadi kg 90. Hapo teknolojia ilikuwa imepiga hatua kubwa, lakini katika majaribio ya viunzi vya kijeshi vya kipindi hicho iliwahi kuonekana kwamba askari aliyevaa alitumia oksijeni nyingi zaidi kuliko alipobeba mzigo uleule kwa mkoba wa kawaida. Mashine ilibeba mzigo, naye alikuwa akiibeba na kuvutana na mashine. Kabla ya hapo majeshi yalitumia watu moja kwa moja: wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza katika nchi hii, ambako ndorobo waliua farasi na ng'ombe wa kukokota. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao.

Sasa mtego wa mtihani. Mama amefika barabarani na anatembea kilomita moja kwenye tambarare hadi sokoni. Ni kazi gani inafanyika kwenye mzigo dhidi ya uzito wake? Jibu ni sifuri. Kani inayoushikilia mzigo inaelekea juu, mwendo unaelekea mbele. Hakuna umbali katika mwelekeo wa kani. Wengi huandika 30 × 10 × 1,000 na kupoteza alama zote.

Lakini mama anachoka. Kwa nini? Kila hatua mwili huinuka na kushuka kidogo, na misuli hutumia nishati hata inaposhikilia tu. Mwaka 1986 watafiti walipima oksijeni ya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya, wengine wakibeba kichwani, wengine mgongoni kwa kamba ya paji la uso. Mzigo uliofikia asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza matumizi ya oksijeni. Kwa mama wetu wa kg 60 hiyo ni kg 12. Zaidi ya hapo gharama hupanda. Uchunguzi wa mwaka 1995 ulieleza sababu: wanawake hao walitembea kama pendulamu nzuri, nishati mwendo ikigeuka nishati tuli na kurudi bila kupotea sana. Uchunguzi wa baadaye Afrika Kusini haukukuta faida hiyo kwa kila mbebaji, kwa hiyo usiandike kwamba kila mwanamke wa Afrika anayo.

Wazo lilelile la kuhifadhi nishati lilitumika mwaka 2015 huko Marekani, katika kiunzi cha kifundo cha mguu kisicho na mota wala betri. Kina springi na kishikizo, uzito takriban nusu kilo kila mguu. Kilipunguza gharama ya kutembea tambarare kwa asilimia 7 hivi. Kwa maoni yangu, njia za Lushoto zinahitaji zaidi fikra za namna hiyo, ingawa springi haiwezi kulipa mita 200 za mlima: inarudisha nishati iliyopewa tu.

Hospitalini hesabu hubadilika. Kwa mtu aliyepooza miguu, hatuulizi ameokoa jouli ngapi. Tunauliza kama amesimama. ReWalk, kilichoruhusiwa kutumika nyumbani Marekani mwaka 2014, kilibuniwa na Amit Goffer, mhandisi wa Israeli aliyepooza kwa ajali mwaka 1997. Yeye mwenyewe hakuweza kukitumia, kwa kuwa kinahitaji mikono yenye nguvu ya kushika magongo.

Jipime

1. Kiunzi cha kg 20 kinapandisha mzigo wa kg 40 mita 150. Ufanisi wa mota ni asilimia 40. Betri inatoa nishati kiasi gani?
Jibu: kazi = 60 × 10 × 150 = 90,000 J; nishati = 90,000 ÷ 0.4 = 225,000 J.

2. Mpagazi amesimama na gunia kichwani kwa dakika kumi. Eleza kwa nini anachoka ilhali kazi kwenye gunia ni sifuri.
Jibu: gunia halisogei katika mwelekeo wa kani, hivyo hakuna kazi, lakini nyuzi za misuli hujikaza na kulegea mfululizo, zikitumia nishati ya chakula inayotoka kama joto.