Skeli kwa mpiga gitaa asiye na bendi

Miaka ya 1980 Iringa ilikuwa na bendi yake, Tancut Almasi Orchestra, mali ya kiwanda cha kukata almasi. Mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa waliimba pale, John Kitime alipiga gitaa pale. Katika bendi za mashirika za enzi hizo vyombo vilikuwa vya mwenye bendi, na wanamuziki wengi hawakuwa na gitaa la kwao nyumbani. Walichokuwa nacho ni watu: wa solo, wa sekondi solo, wa ridhimu, wa besi, wote wamebanana kwenye chumba kimoja cha mazoezi. Ukipiga noti isiyopatana na wenzako unasikia papo hapo, na usiposikia utaambiwa.

Leo mambo yamegeuka. Kijana aliyepanga chumba Kihesa au Uyole ana gitaa lake kavu na simu iliyojaa masomo ya bure, ila anafanya mazoezi peke yake, mlango umefungwa ili majirani wasilalamike. Hapo ndipo skeli inapomponyoka. Vidole vinapanda na kushuka vizuri tu, lakini mwambie aiimbe noti ya tano kabla hajaipiga, utamwona anachungulia shingo ya gitaa. Umbo amelishika, sauti bado. Mpiga gitaa wa peke yake asipige skeli juu ya ukimya. Kila anapoigusa, pawe na sauti nyingine ya kuipimia.

Aanze na anachokijua. Kama umewahi kuimba kwaya, iwe ya Wamoraviani kule Mbeya, ya Walutheri au ya Wakatoliki, skeli ya meja unayo kichwani tayari: do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Mfumo huo wa kuandika nyimbo kwa herufi, uliosambazwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, ulifika kwetu pamoja na wamisheni na haujatoka kwenye makaratasi ya kwaya mpaka leo. Uzuri wake kwa mpiga gitaa ni kwamba do haina makazi ya kudumu. Mwalimu akiandika do ni F, kesho akaandika do ni A, wimbo ni uleule.

Basi weka kando maumbo ya kwenye video kwa muda. Chukua uzi mmoja tu, wa kwanza, ule mwembamba. Ukiupiga wazi, hiyo ndiyo do. Re iko freti ya 2, mi ya 4, fa ya 5, so ya 7, la ya 9, ti ya 11, na do ya juu iko freti ya 12. Uzi wa sita, ule mnene, unatoa noti hiyohiyo kwa sauti ya chini. Upige wazi kwa kidole gumba, uache uvume, kisha juu ya mvumo huo tembeza skeli yako kwenye uzi wa kwanza. Mvumo ukififia, gonga tena. Utasikia jinsi fa inavyotaka kushukia mi, ti inavyoililia do, na so inavyokaa imetulia kama mwenyeji. Macho nayo yataona kitu ambacho umbo la nyuzi sita hukificha: kutoka mi kwenda fa, na kutoka ti kwenda do, ni freti moja. Kwingine kote ni mbili.

Imba kwanza, ndipo upige. Kama sauti yako si nzuri, imba hivyohivyo, hakuna anayekusikia. Ukishapanda na kushuka bila kubabaika, anza kuruka: do na mi, re na fa, mi na so, mpaka juu, halafu urudi. Baada ya hapo chukua wimbo wa Tenzi za Rohoni au pambio unaloliimba tangu utotoni, ulitafute lote kwenye uzi huo mmoja. Zoezi hili linadharauliwa, na kwa maoni yangu ndilo linalofaa kuliko yote kwa asiye na mwalimu, kwa sababu wimbo unaoufahamu ndio unaokusahihisha. Ukigusa noti ya uongo sikio linakataa lenyewe.

Masomo mengi ya mtandaoni huanza na pentatoniki ya maina kwenye freti ya 5. Walimu wake wamekulia kwenye bluzi na roki, siwalaumu. Lakini ipeleke ileile kwenye rumba au kwenye pambio uone utakavyosikika mgeni. Dansi letu kwa sehemu kubwa limesimama kwenye meja, na noti zinazoonyesha kwamba kodi imebadilika ni zilezile ambazo pentatoniki ya meja inaziruka: fa, ambayo ndiyo mzizi wa kodi ya nne, na ti, inayoipa kodi ya tano hamu ya kurudi nyumbani. Jifunze meja nzima kwanza. Pentatoniki utaipata bure, kwa kuacha hizo mbili.

Kuna mtu wa kumsikiliza hapa. Mwenda Jean Bosco wa Katanga alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 mjini Jadotville, ambao sasa unaitwa Likasi. Alikuwa peke yake na gitaa kavu. Sikiliza Masanga: kidole gumba kinashughulika na nyuzi za chini, cha shahada kinatembeza melodia juu, na masikio yanaweza kuapa kwamba wapigaji ni wawili. Usikimbilie kuukopi wimbo huo, ni mgumu kuliko unavyosikika. Chukua wazo lake tu. Kidole gumba chako kinachogonga uzi wa sita kwenye zoezi la mwanzo ndicho mwenzako wa kwanza katika bendi.

Wa pili anapatikana ndani ya skeli yenyewe. Katika bendi za dansi, solo na sekondi solo mara nyingi hutembea sambamba kwenye skeli moja, mmoja mbele ya mwenzake kwa noti mbili: huyu do, yule mi, huyu re, yule fa. Ukiwa peke yako unaweza kuwa wote wawili kwa nyuzi mbili. Tuchukue C. Uzi wa pili freti ya 1 pamoja na uzi wa kwanza wazi: do na mi. Kisha uzi wa pili freti ya 3 na wa kwanza freti ya 1. Kisha 5 na 3. Kisha 6 na 5, 8 na 7, 10 na 8, 12 na 10, ukamalizie 13 na 12. Ukiangalia vizuri, vidole vina mikao miwili tu. Jozi zinazoanzia do, fa na so zinapishana freti moja, nyingine zote zinapishana mbili. Tamka jina la noti ya chini kila unapohama, maana ukiacha kutamka utarudi palepale kwenye umbo lisilo na sauti.

Jozi hizo ukizipindua, noti ya juu ikawa chini, unapata ile sauti tamu ya gitaa za rumba. Inakaa kwenye uzi wa tatu na wa kwanza, huku wa pili ukiwa umezibwa kwa upande wa kidole. Bado tuko kwenye C: nyuzi zote mbili wazi, kisha 2 na 1, 4 na 3, 5 na 5, 7 na 7, 9 na 8, 10 na 10, 12 na 12. Namba ya kwanza ni ya uzi wa tatu. Piga polepole, kwa kidole gumba na cha kati kwa pamoja.

Sasa rekodi ridhimu yako mwenyewe kwenye simu. Kodi za C, F na G, kila moja mapigo manne, kisha rudi C, mpaka dakika kadhaa zipite. Tumia metronomu ya simu wakati wa kurekodi, kwenye 60 au 70, usiikimbize. Spika ya simu haitoi sauti za chini, kwa hiyo kama nyumbani kuna sabufa unganisha hapo. Umeme ukikatika, spika za masikioni zinatosha, sikio moja tu, lingine libaki na gitaa. Ridhimu ikiwa C, pumzika kwenye jozi ya do na mi au mi na so. Ikihamia F, tafuta fa na la, au la na do. Ikifika G, so na ti, au ti na re. Jozi zilizobaki ni za kupita njiani. Mpiga solo wa bendi anafanya kazi hiyohiyo wimbo unapoingia kwenye chemko, kasi yake tu ndiyo nyingine.

Juni na Julai baridi ya Mbeya, Mafinga na Makambako ina mambo yake. Nyuzi za chuma zikipoa hujikaza na sauti hupanda kidogo, zikipashwa na mikono yako hushuka. Kwa hiyo tyuni gitaa, piga kidogo, kisha tyuni tena kabla hujaanza zoezi lenyewe, la sivyo unalifundisha sikio uongo. Pasha vidole kwa kikombe cha chai. Gitaa usilisogeze karibu na jiko la mkaa: mbao hukauka, gundi hulegea, daraja linaanza kunyanyuka.

Itafika siku utaitwa kanisani na wimbo utakuwa kwenye kii usiyoizoea. Mpiga kinanda ana kitufe cha kuhamisha sauti, wewe huna. Mwombe abonyeze do mara moja kabla ya kuanza, iimbe kimoyomoyo, uitafute kwenye uzi wa sita au wa tano. Kutoka hapo, kwenye uzi huohuo, freti 5 kwenda juu utakuta fa, na freti 7 utakuta so. Mizizi ya kodi zako tatu ndiyo hiyo.