Usisubiri Kuwa Dada Mkuu

Uchaguzi wa serikali ya wanafunzi unapofika, shule nzima huchangamka. Majina yanapelekwa kwa walimu, mchujo unafanyika, wagombea wananadi sera zao mstarini, kura zinapigwa. Ikifika jioni, kuna kaka mkuu, dada mkuu, makamu wao, na viranja wa taaluma, mazingira, afya, chakula, michezo na mabweni. Shule yenye wanafunzi mia nane hupata viongozi ishirini au thelathini. Wengine wote hurudi madarasani wakiamini kwamba suala la uongozi limewapita, na baadhi yao hawalifikirii tena hadi wanamaliza kidato cha nne.

Nimelea klabu za wanafunzi kwa miaka mingi, na imani yangu ni hii: anayejifunza kuongoza akiwa shuleni ni yule aliyeshika kazi moja inayoonekana, akaifanya na wenzake, akaimaliza na kuiandika. Cheo kinasaidia, lakini hakihitajiki ili uanze. Nimeona viranja waliovaa tai mwaka mzima na hawana wanachoweza kukionyesha, na nimeona mwanafunzi wa kidato cha pili, asiye na wadhifa wowote, ambaye walimu walimtafuta kila kulipokuwa na jambo la kupanga.

Kwa hiyo anza na tatizo. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, alipoanzisha Roots & Shoots mwaka 1991, alianza na wanafunzi 12 wa Dar es Salaam waliomfuata nyumbani kwake wakiwa na mambo yanayowakera: uharibifu wa mazingira, wanyama kutendewa vibaya, maisha magumu ya watu wanaowazunguka. Hakuwapa orodha ya kazi. Aliwaacha wachague wenyewe, na utaratibu huo wa vijana kuchagua kazi yao ndio uliosambaa hadi nchi nyingi duniani. Fanya vivyo hivyo. Chukua daftari, tembea shuleni na kwenye njia unayopita kwenda nyumbani, uandike unachokiona: bomba linalovuja, wadogo wanaovuka barabara peke yao, maktaba yenye vitabu visivyopangwa, zahanati ambayo uwanja wake umejaa nyasi. Kisha jiulize maswali matatu. Je, wanafunzi kumi wanaweza kuifanya kazi hii? Inaweza kuanza bila fedha? Itaonekana imekwisha kabla ya muhula kufungwa? Kazi inayokosa jibu la ndiyo hata kwa swali moja, iweke kando kwanza hata kama inakugusa moyo.

Kama unahangaika kuchagua, naomba uitazame hii ambayo wengi wanaipita kila siku: wadogo wa kidato cha kwanza. Wanaingia Januari wakitoka shule za msingi za serikali walikofundishwa kwa Kiswahili, na ghafla biolojia na jiografia zinakuja kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani kwao anakaa kimya wiki nzima. Anaujua usanisinuru vizuri kabisa, ila swali la mtihani likimtaka ataje, aeleze au atofautishe, hajui ni lipi kati ya hayo limeulizwa. Hapa mwanafunzi wa kidato cha tatu ana kitu ambacho hata mwalimu mzuri anaweza kukikosa: bado anakumbuka ilivyo kutoelewa.

Namna ya kuifanya ni nyepesi. Omba darasa moja liwe wazi siku mbili kwa wiki baada ya vipindi, dakika arobaini tu. Gawa wadogo katika makundi ya watano au sita, kila kundi na kaka au dada yake mmoja asiyebadilika. Kila siku chukueni aya moja ya kitabu cha somo, isomeni kwa sauti, kila mtu aandike maneno mapya matano pamoja na maana yake kwa Kiswahili, halafu mdogo mmoja aieleze aya hiyo kwa maneno yake, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Usimcheke anayekosea, na usiruhusu mtu amcheke; kundi likicheka mara moja, wiki inayofuata nusu yao hawaji. Mahudhurio yaandikwe. Mwisho wa muhula mwombe mwalimu wa taaluma alinganishe alama zao za mwanzo na za mwisho. Hiyo ni huduma kamili kwa jamii, ingawa hujatoka nje ya geti la shule.

Kazi ya pili ambayo shule nyingi huichagua ni kupanda miti, na hapa nina la kusema kwa sababu naona nguvu nyingi zikipotea. Kupanda ni kazi ya asubuhi moja. Kutunza ni kazi ya miezi, na katikati ya miezi hiyo kuna likizo. Ukanda wa pwani na kaskazini, miche hupandwa masika, Machi hadi Mei. Mwezi Juni shule inafungwa, mvua zimekata, mbuzi wa jirani wanaingia, na mkirudi Julai mnakuta vijiti. Mikoa ya kati na nyanda za juu kusini, ambako mvua ni za msimu mmoja kuanzia Novemba au Desemba, hatari huja mara mbili: likizo ya Desemba miche ikiwa bado michanga, kisha kiangazi kirefu cha katikati ya mwaka.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kuomba miche kwa ofisa misitu wa halmashauri au kwenye vitalu vya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), andika kwanza majina ya watakaomwagilia likizo. Chagueni wanafunzi wanaoishi karibu na shule, wawili wawili, kila jozi na siku yake. Pandeni michache. Miti ishirini iliyo hai baada ya mwaka ni fahari kubwa kuliko mia mbili iliyopigwa picha siku ya kupandwa. Kila shimo liwekewe nyasi kavu juu ya udongo ili unyevu usipotee, na uzio wa miiba kuzuia mifugo. Chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyotobolewa tundu dogo kwenye kifuniko, ikachomekwa kichwa chini pembeni ya mche, hudondosha maji taratibu na kupunguza safari za kumwagilia. Kila mti uwe na namba, na kila mwezi mtu apite ahesabu iliyo hai.

Huna haja ya kuanzisha chama kipya kwa ajili ya yote haya. Shule nyingi za Tanzania tayari zina milango iliyo wazi: Skauti na Girl Guides, klabu za Malihai za uhifadhi wa wanyamapori, vijana wa Msalaba Mwekundu wanaofundishwa huduma ya kwanza, klabu za Fema za stadi za maisha, klabu za wapinga rushwa zinazolelewa na TAKUKURU, na vikundi vya dini kama TYCS (wanafunzi Wakatoliki) na UKWATA (Umoja wa Kikristo wa Wanafunzi Tanzania) ambavyo hutembelea wagonjwa na wazee. Anayependa sayansi anaweza kugeuza tatizo la kijiji chake kuwa utafiti na kuupeleka kwenye maonyesho ya Young Scientists Tanzania. Ushauri wangu ni kujiunga na klabu moja, au mbili zikizidi sana, na kuomba kazi ndani yake badala ya kuomba kadi ya uanachama. Nafasi ya ukatibu ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza, maana hakuna anayeigombania na ndiyo inayofundisha zaidi. Katibu anajua nani aliahidi nini na lini, na mikutano haiwezi kwenda bila yeye.

Kazi ikiwa nje ya shule, kuna utaratibu, na kuuheshimu ni sehemu ya mafunzo yenyewe. Anza kwa mwalimu mlezi, ndipo mwende kwa mkuu wa shule. Barua kwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mtendaji wa kijiji au mganga mfawidhi wa zahanati iandikwe kwamba inapita kwa mkuu wa shule, na iwe ya ukurasa mmoja. Iseme ninyi ni nani na mko wangapi, mnaomba kufanya nini, siku gani na saa ngapi, mwalimu gani atakuwa nanyi, na mnahitaji nini kutoka kwao. Barua inayosema mnataka “kuisaidia jamii” inawekwa chini ya rundo. Inayosema wanafunzi kumi na wanne wanaomba kufyeka nyasi za uwanja wa zahanati Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi, wakija na mapanga na mafagio yao, inajibiwa. Jumamosi hiyo haikutajwa bure: ndiyo siku ya usafi nchini, viongozi wa mtaa wanakuwa kazini, na ombi lenu linawarahisishia wao pia. Mkifika ofisini, mtangulize shikamoo, mjitambulishe, na mwacheni mmoja azungumze.

Ziko tarehe nyingine zinazofaa kupangiwa kazi mapema, ingawa za Juni zinaweza kuangukia likizo: Siku ya Mazingira Duniani tarehe 5 Juni, Siku ya Kuchangia Damu Duniani tarehe 14 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika tarehe 16 Juni, na Siku ya Kimataifa ya Mtoto wa Kike tarehe 11 Oktoba. Kuhusu damu, anayechangia Tanzania anatakiwa awe ametimiza miaka 18 na uzito usiopungua kilo 50, kwa hiyo wengi wenu hamruhusiwi bado. Lakini mnaweza kufanya kazi ambayo wahudumu wa damu salama wanaihitaji mno: kupita kwa wazazi na majirani kuwahamasisha, kupanga foleni, kuandaa viti na kivuli, na kuwapa wachangiaji maji ya kunywa.

Fedha ndiyo inayoharibu vikundi. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, michango shuleni ina taratibu kali, na mwanafunzi hapaswi kupita madarasani na bakuli kwa uamuzi wake. Ombeni vitu kabla ya kuomba pesa: mafagio, ndoo, chaki, vitabu vilivyotumika. Pesa zikilazimika kuwepo, zipokelewe na wawili kwa pamoja, ziandikwe papo hapo, zitunzwe na mwalimu, na hesabu isomwe mbele ya wanachama hata kama ni shilingi elfu tano.

Usalama nao usifanyiwe mzaha. Mwanafunzi asiende peke yake nyumbani kwa mtu kutoa msaada, hata kama ni mzee anayefahamika. Mzazi ajue mtoto yuko wapi na atarudi saa ngapi. Wasichana wanaobeba kazi za nyumbani jioni wasipangiwe vikao vya jioni halafu waitwe wazembe, badilisheni saa. Na mkitembelea kituo cha watoto yatima au wodi ya wagonjwa, acheni simu na kamera. Mtoto anayekabidhiwa sabuni mbele ya lenzi anajua vizuri picha ile ni ya nani.

Swali ambalo wazazi huniuliza ni muda na masomo, nao wana haki. Kidato cha pili na cha nne vina mitihani ya taifa mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo kidato cha tatu ndicho mwaka mzuri wa kubeba jukumu zito. Kidato cha kwanza ni cha kujiunga na kujifunza. Anayeingia cha nne akabidhi mapema. Saa mbili au tatu kwa wiki zinatosha kufanya kazi ya maana. Kikundi kinachodai zaidi ya hapo kimepangwa vibaya.

Nchini Kenya kujitolea kwa vijana kuna muundo wake. Mpango wa President's Award hupokea vijana kuanzia miaka 14, una ngazi za shaba, fedha na dhahabu, na huduma kwa jamii ni mojawapo ya sehemu zake, pamoja na ujuzi, michezo na safari za porini. Ninachokipenda humo ni kitabu cha kumbukumbu: mshiriki anatumika wiki baada ya wiki kwa miezi, na msimamizi anatia sahihi. Ninyi msio na mpango kama huo, jitengenezeeni daftari lenu. Safu nne tu: tarehe, kazi iliyofanyika, saa zilizotumika, na matokeo yanayohesabika. Pembeni, sahihi ya mwalimu.

Daftari hilo litakuja kufanya kazi. African Leadership Academy ya Johannesburg, inayopokea vijana wa Afrika wa miaka 16 hadi 19, na wafadhili wengi wa masomo, humtaka mwombaji aeleze alichokifanya kwa ajili ya watu wanaomzunguka. Anayeandika kwamba ana moyo wa kujitolea hana tofauti na maelfu wengine. Anayeandika kwamba aliongoza wenzake wanane kuwafundisha wadogo thelathini na wawili kwa miezi mitano, kwamba sita waliacha, akaenda kuwauliza kwa nini, akagundua wanaishi mbali na akahamisha kipindi kiwe wakati wa mapumziko ya mchana, huyo anasomwa hadi mwisho. Andika na yaliyokwama, maana hapo ndipo uamuzi wako unapoonekana.

Kukabidhi kufanyike miezi miwili kabla hujaondoka kwenye jukumu lako. Mteue mrithi kutoka kidato cha chini, mwache aongoze vikao viwili ukiwa umekaa pembeni, mpe nakala ya barua zote, majina ya watu wa ofisi ya mtaa mliozoeana nao, na orodha ya ahadi ambazo hazijatimizwa. Nenda naye kwa mwenyekiti ukamtambulishe. Siku hiyohiyo pitia kwa mwalimu mlezi ukiwa na daftari lako, umwombe barua ya utambulisho inayotaja kazi na saa zako, ipigwe muhuri wa shule. Walimu huhamishwa, na wengine hustaafu. Barua unayoiomba leo mwalimu ataiandika kwa kumbukumbu, ya miaka miwili ijayo huenda ukakosa wa kuiandika.