Augustino na Mti wa Jirani

Augustino alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, katika nchi iitwayo sasa Aljeria. Alipokuwa na umri wa miaka 16, yeye na wenzake waliuendea usiku mti wa jirani, wakautikisa, wakachukua matunda mengi. Hawakuwa na njaa. Tena yeye alikuwa nayo matunda mazuri kuliko hayo. Walionja machache, mengine wakawatupia nguruwe.

Baadaye, alipokuwa askofu wa mji wa Hippo, alitafuta sababu ya wizi ule. Akaona ya kuwa hakuyapenda matunda, bali aliupenda wizi wenyewe. Ndivyo dhambi ilivyo: humfanya mtu apende ovu hata pasipo faida.

Lakini aliandika pia kwamba aliiuliza nchi, na bahari, na jua, na mwezi, habari za Mungu. Vyote vilikana kuwa Mungu, vikamshuhudia Muumba wao. Na uzuri wao ndio uliokuwa jibu lao. Basi hata mti ule ulioibiwa ulikuwa shahidi. Mwizi aliuona, asiusikie.

Swali: Je, Mungu amejificha, au mtu ndiye aliyeziba masikio?