Vibanzi vya Mbao Bustanini: Tuulize Kwanza Vimetoka Wapi

Bustani ya nyumbani isiyofunikwa hukauka upesi, hupigwa na matone ya mvua na kuota magugu. Ndiyo maana wengi wetu mijini hununua vibanzi vya mbao au maranda kutoka karakana za useremala ili kuyatumia kama matandazo. Utaratibu huu ni mzuri: unyevu hudumu, na mbao zikioza hurutubisha ardhi. Hata hivyo, neno “asilia” atakalolitamka muuzaji si dhamana ya usalama.

Hatari iliyofichika

Mbao laini za msindano zinazotoka Mufindi na Njombe, ambazo wengi huzitumia kupaua nyumba, mara nyingi hutiwa dawa ili zisioze wala kuliwa na mchwa. Mojawapo ya dawa za aina hiyo ni mchanganyiko wa shaba, kromu na arseniki. Juu ya paa dawa hiyo hufanya kazi iliyokusudiwa. Lakini ubao ukisagwa vipande vidogo, mvua huweza kuitoa arseniki kwa urahisi zaidi na kuiingiza udongoni. Arseniki ni sumu, nayo haiozi. Mboga za majani na za mizizi huweza kuifyonza, na mtoto achezaye hapo huweza kuimeza kupitia mikono michafu. Nchini Marekani, watengenezaji waliacha kuitia katika mbao za matumizi mengi ya nyumbani mwishoni mwa mwaka 2003.

Ubao wenye dawa hii huwa na rangi ya kijani hafifu, lakini rangi hiyo hufifia kwa jua. Kwa hiyo tusitegemee macho peke yake. Tuepuke pia vipande vya plaiwudi, mbao zilizopakwa rangi au vanishi, na nguzo nyeusi zenye harufu ya lami.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

1. Je, vibanzi hivi ni vya matawi na magogo, au ni mabaki ya mbao za kupaua?
2. Je, karakana hutenganisha mabaki yenye dawa na yasiyo na dawa?
3. Je, mna plaiwudi au mbao za rangi ndani ya gunia hili?

Muuzaji asipoweza kujibu, tusinunue. Matawi yaliyopogolewa uani mwetu, nyasi kavu na majani makavu ni matandazo ya kuaminika zaidi, tena hayana gharama.

Namna ya kutandaza

Tupalilie na kumwagilia kwanza, kisha tutandaze vibanzi kwa unene wa sentimita 5 hadi 10. Maranda na vumbi la mbao hushikamana na kuzuia maji, hivyo tabaka lake liwe jembamba. Tuache nafasi ya sentimita 10 kuzunguka kila shina ili lisioze. Miche michanga ya mchicha isubiriwe ikue kwanza. Kwa sababu ya mchwa, tusitandaze karibu na ukuta wa nyumba.

Vibanzi vibaki juu ya ardhi; tusivichanganye na udongo. Vijidudu vinavyoozesha mbao huhitaji naitrojeni, na kwa kuwa mbao zina kiasi kidogo mno, huichukua udongoni. Matokeo yake mimea hudumaa na majani kugeuka manjano. Likitokea hilo, tuongeze samadi iliyoiva au majani mabichi ya alizeti mwitu.

Ikiwa tumekwisha kutandaza mbao zenye dawa

Tuvae glavu, tuvikusanye vibanzi vyote na kuviweka katika mfuko uliofungwa, mbali na watoto na mifugo. Tusivichome, kwa kuwa moshi na majivu yake hubeba sumu ile ile. Tusivitie katika shimo la mboji wala kuvitandika katika banda la kuku. Mahali hapo tupande maua badala ya mboga, na tumwombe ushauri afisa kilimo wa kata.

Swali moja kabla ya kulipa huchukua dakika moja. Kuisafisha ardhi iliyokwisha kuchafuliwa ni kazi ya miaka. Tahadhari kabla ya hatari.