Ukiona, Sema: Somo Kutoka kwa Kamera ya Angani

Maandiko ya kusoma: Zaburi 19, Ezekieli 33:1-9, Habakuki 2:1

Wiki hii tunajifunza juu ya kuona, na juu ya kile tunachofanya baada ya kuona. Mfano nimeutoa mbali kidogo: kituo cha anga cha kimataifa, ile nyumba ya wanaanga inayozunguka dunia kimo cha kilomita 400 hivi. Huo ni kama mwendo wa ndege kutoka Nairobi mpaka Mombasa, ila sasa uuelekeze juu. Kinazunguka dunia yote kwa dakika 90 hivi, karibu mara 16 kwa siku. Hata huku kwetu kinapita, na jioni nyingine unaweza kukiona kama nyota inayotembea.

Kati ya kazi za wanaanga hao ni kupiga picha za dunia: milima, mito, maziwa, majangwa, na miji usiku. Nimepata mambo matatu hapo.

1. Kuona kunataka kujipanga

Mtu anaweza kudhani mwanaanga anakaa tu dirishani akibonyeza kamera. La. Kituo kinaenda kasi ya kilomita 28,000 kwa saa. Nairobi mpaka Mombasa ni dakika moja hivi, kwisha! Ukienda kutafuta lenzi, ukirudi umeshapita. Ndiyo maana wataalamu walio Houston, Marekani, huwatumia wanaanga orodha ya mahali pa kupiga picha. Na bado mawingu yanaweza kufunika kila kitu.

Usiku ni kugumu zaidi. Gizani kamera inahitaji muda kuchukua picha, na huku kituo kinatembea, kwa hivyo taa za mji zinatoka kama michirizi. Mwanaanga Don Pettit, aliyeishi huko kati ya 2002 na 2003, alikusanya vipuri vilivyokuwa mle ndani akatengeneza kifaa cha kugeuza kamera ifuate ardhi. Picha za miji zikatoka safi.

Je, wewe umepanga saa ngapi ya kuangalia hali ya nyumba yako? Watoto wanakua kwa kasi pia. Usingoje nafasi ijilete.

2. Picha moja haitoshi

Mimi nilisomea biashara, na hili tulifundishwa mapema: mauzo ya siku moja hayakuambii duka linaelekea wapi. Fungua daftari la mwaka mzima.

Angalia Bahari ya Aral, iliyo kati ya Kazakhstan na Uzbekistan. Tangu miaka ya 1960 maji ya mito iliyoilisha yalielekezwa mashambani, hasa kwa kilimo cha pamba. Hakuna asubuhi moja watu waliamka wakakuta bahari imekauka. Lakini weka picha za wanaanga za miaka ya 1980 kando ya zile za baada ya 2000, utaona ufuo umerudi nyuma na mahali palipokuwa na maji pamebaki chumvi na mchanga.

Maombi nayo hukauka hivyo hivyo. Ndoa pia. Leo hamkuongea, kesho hamkuongea, na kila mmoja anasema ni uchovu tu. Linganisha leo na mwaka jana, ndipo utajua ukweli.

3. Ukiona, sema, na umwambie anayehusika

Tarehe 23 Mei 2006, mwanaanga Jeff Williams alikuwa akipita juu ya visiwa vya Aleutian, Alaska, akaona majivu yakipanda kutoka mlima wa volkano uitwao Cleveland. Alipiga picha, kisha akawajulisha wataalamu wa volkano wa Alaska. Mlipuko ulikuwa wa muda mfupi; saa mbili baadaye yale majivu yalikuwa yameshaachana na mlima, yanapeperuka.

Kwa nini haraka hiyo? Kwa sababu ndege hupita juu ya Alaska. Mnamo Desemba 1989 ndege ya KLM yenye abiria zaidi ya 200 iliingia katika majivu ya mlima Redoubt, huko huko Alaska, injini zote nne zikazimika. Iliporomoka zaidi ya kilomita 4 kabla marubani hawajaziwasha tena. Ilitua salama, Mungu ni mwema.

Williams ni Mkristo, na mwaka wa 2010 picha zake zilitoka katika kitabu alichokiita The Work of His Hands, yaani kazi ya mikono yake. Alistaajabia uumbaji, lakini siku ile hakuishia kustaajabu. Na angalia alimwambia nani: wale waliokuwa na uwezo wa kuchukua hatua. Hapo ndipo onyo na umbea hutengana. Umeona ufa kwenye nguzo ya ploti mnayoishi? Mwambie mwenye nyumba, na asiposikia, uende kwa wahusika. Hesabu za chama haziingiani? Muulize mweka hazina kwanza, si wenzako kwenye matatu. Ndugu amepotea kwenye ushirika wiki tatu? Mpigie yeye. Ezekieli anatufundisha kwamba mlinzi aliyeona hatari akanyamaza ana hesabu ya kutoa. Kwamba aliona haimsaidii. Ndiyo inayomfanya adaiwe.

Maswali ya vikundi vya nyumbani

1. Ni jambo gani umeliona mwezi huu na hujalisema?
2. Ni nani hasa anayefaa kuambiwa, na utamwambia lini?
3. Ni nini nyumbani mwako kimepungua polepole tangu mwaka jana?

Tuombe: Bwana, tupe macho ya kuona, na ujasiri wa kusema kwa upendo kabla muda haujapita. Amina.