Bunduki ndogo ya kubeba porini

SWALI: Naishi Kenyamonta, wilayani Serengeti, na napenda kulala porini kwenye hema. Ninunue bunduki gani ya .22 inayofunguka vipande?

JIBU: Kwa wepesi ni Henry AR-7, kilo 1.6 hivi, mtutu na mtambo wake huingia ndani ya kitako. Mimi ningechukua Ruger 10/22 Takedown ya mwaka 2012, ingawa inapita kilo 2: unaingiza mtutu, unauzungusha, unajifunga imara. Lakini anza na leseni, sheria ya silaha ya mwaka 2015 inaitaka. Na usiingie nayo Hifadhi ya Serengeti bila kibali, hata ikiwa vipande mkobani. Ukikutana na nyati, risasi ya .22 itamkasirisha tu. Huko tembea na askari wa hifadhi mwenye silaha.