Mawazo ya Kujitoa Uhai Vyuoni: Yanayomsukuma Mwanafunzi na Yanayomshikilia

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hufariki kila mwaka kwa kujitoa uhai. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, hicho ni chanzo cha tatu cha vifo duniani. Wengi wa wanafunzi wetu wa vyuo vikuu wamo katika umri huo.

Habari zikitufikia, hutajwa sababu moja: ameachwa na mpenzi, amefeli mtihani. Ni nadra mambo kuwa mepesi hivyo. Mara nyingi mizigo hurundikana: ugonjwa wa sonona usiotibiwa, pombe au dawa za kulevya, madeni ya kamari, dhuluma za utotoni, upweke. Aliyewahi kujaribu kujitoa uhai yuko katika hatari kubwa zaidi, hivyo asichukuliwe kuwa "alikuwa anatafuta tu kuonekana".

Kuna mzigo mwingine ambao sisi wazazi huuongeza bila kujua. Kijana aliyefanyiwa harambee ili aende chuoni hubeba matumaini ya kijiji kizima. Mkopo wa HELB ukichelewa, alama zikikosekana au akitakiwa kurudia mwaka, huona afadhali anyamaze. Kila akipigiwa simu hujibu, "Niko sawa." Aibu hiyo humtenga na watu wale wale ambao wangemsaidia.

Kinachomkinga zaidi ni uhusiano: mtu mmoja au wawili anaoweza kuwaambia ukweli bila kuhukumiwa. Kwaya, timu ya mpira, kikundi cha ibada au wenzake wa chumbani huweza kuwa ngao, mradi kuna anayegundua asipoonekana. Matibabu ya mapema na ushauri nasaha husaidia pia. Mzazi naye aseme waziwazi, kabla ya matokeo kutoka, kwamba kufeli hakumwondoi mtu nyumbani.

Wengi huogopa kuuliza, wakidhani swali litampandia mtu wazo. Sivyo. Ukiona mwanafunzi anajitenga, analala kupita kiasi au halali kabisa, anagawa vitu vyake au anasema yeye ni mzigo kwa wengine, muulize kwa upole: "Je, umekuwa ukifikiria kujitoa uhai?" Kisha sikiliza. Usimhubirie, wala usikimbilie kumlinganisha na wenzake waliofaulu. Akikubali, usimwache peke yake. Ondoa karibu naye chochote anachoweza kujidhuru nacho, na umsindikize hadi hospitali iliyo karibu au kwa mshauri wa chuo. Akikuomba uiweke siri, mwambie kwa upendo kwamba hii huwezi kuificha.

Hofu ya polisi nayo imewazuia wengi kutafuta matibabu. Mnamo Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Anayefikishwa hospitalini ni mgonjwa.

Ukihitaji msaada, wako au wa mwenzako, piga simu kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, nambari 1199 (bila malipo), au Befrienders Kenya, 0722 178 177. Si lazima uwe na maneno yaliyopangwa. "Sijisikii salama" yatosha kuanzia.